Mechi imeisha 70 kwa 63: pa kuanzia gemu ya futiboli ya vyuo inapokosa uhalisia

Saa saba usiku simu ikatetemeka. Mpwa wangu kanirushia picha ya skrini ya gemu yake ya futiboli ya Kimarekani: Ohio State 70, Michigan 63. Kotabeki wake, yule mrushaji wa pasi, amerusha yadi 611. Chini ya picha kaandika, "Shikamoo mjomba. Hii gemu imeharibika."

Marahaba, nikamjibu. Gemu haijaharibika. Wewe umeiwekea robo za dakika 15 ili iwe "kama kweli", halafu saa ukaiacha ijiendee.

Mechi ya hao wawili naijua. Naishi Ohio, na ukitangaza harusi Jumamosi ya mwisho ya Novemba hapa mtaani, jua ukumbi utakuwa mtupu. Mwaka 2024 walikutana Columbus mbele ya watu zaidi ya laki moja, ikaisha Michigan 13, Ohio State 10. Pointi 23 kwa jumla. Mpwa wangu alipata zaidi ya hizo kabla ya robo ya kwanza kuisha.

Ninayoyaeleza hapa ni ya EA Sports College Football, toleo la 25 lililotoka Julai 2024 na la 26 lililofuata Julai 2025, kwenye PlayStation 5 na Xbox Series. Wale ambao bado wana mashine ya zamani na NCAA Football 14 ya mwaka 2013, mengi yatawafaa pia, kwa sababu ugonjwa ni uleule. Nawaomba jambo moja tu: msiguse vitu vitatu kwa mpigo. Badilisha kimoja, cheza mechi tatu, andika namba kwenye karatasi, ndipo ubadilishe kingine. Mtu anayesogeza slaida nane (vile vitelezi vya kupandisha na kushusha uwezo wa wachezaji) usiku mmoja kesho hajui ni ipi iliyomponya na ipi iliyomuua.

Pointi zinamiminika kama mpira wa kikapu

Dalili hii huanza kwa karibu kila mtu, na karibu kila mtu hukimbilia slaida. Anapunguza usahihi wa kotabeki, anaongeza ukabaji, mechi inaisha 52 kwa 49 na pasi zote zinaonekana zimelewa. Chanzo hakikuwa huko. Ni saa.

Tufanye hesabu. Mechi ya kweli ina robo nne za dakika 15, yaani sekunde 3,600. Timu mbili kwa pamoja hucheza takriban plei 130 hadi 140; plei moja ni tangu mpira unapoanzishwa hadi unaposimama. Chukua 135, kila plei inakula wastani wa sekunde 27 hivi. Uwanjani kotabeki anapewa sekunde 40 za kuanzisha plei inayofuata, na timu nyingi hazina haraka. Tena tangu msimu wa 2023 saa haisimamishwi timu inapopata dauni mpya (nafasi nne nyingine za kusogeza mpira yadi 10), isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu. Mpira wa vyuo umekuwa wa polepole kuliko ule tuliozoea miaka kumi iliyopita.

Sasa jitazame wewe na pedi mkononi. Plei imeisha, menyu imekuja, unachagua ileile unayoipenda ndani ya sekunde tano, wachezaji wanajipanga, unaanzisha. Zimepita sekunde 15, na plei yenyewe ni kama 6. Jumla 21. Na plei tatu kati ya kumi, tuseme, zinasimamisha saa kabisa: pasi imedondoka, teke limepigwa, mpira umehamia upande wa pili. Hizo zinakula 6 tu. Wastani wako ni sekunde 16 na nusu. Gawanya 3,600 kwa hiyo, unapata plei 218. Umecheza mechi moja na nusu na ushee ndani ya mechi moja. Pointi zitaachaje kufika 70?

Dawa iko kwenye mipangilio ya mechi, kipengele kinachoitwa Accelerated Clock. Ukikiwasha, ukishachagua plei saa ya sekunde 40 inaruka hadi pale ulipoiambia iruke. Iweke 20. Ukianzisha plei zikiwa zimebaki sekunde 10, umetumia 30, ongeza 6 za plei, 36. Zile tatu kati ya kumi zinabaki na 6 zao. Wastani unaangukia 27 barabara, namba ileile ya uwanjani. Sikuokota 20 kwenye mti. Nilifanya hesabu hii nyuma ya risiti ya duka baada ya kuhangaika na slaida mwezi mzima.

Kuna wanaosema hawana muda, wacheze robo za dakika 9 bila kurukisha saa. Sawa, plei zitakuwa karibu 130, lakini usijidanganye kwamba umeokoa muda. Muda wa kukaa kwenye kochi unategemea idadi ya plei, na idadi ni ileile. Kama una dakika 45 tu kabla ya zamu ya usiku, cheza robo za dakika 5 na ukubali kwamba 14 kwa 10 ni matokeo halali na raningibeki wako, mkimbiaji wa mpira, hatafika yadi 100. Ukitaka kujua umekaa wapi, baada ya mechi fungua ukurasa wa takwimu, jumlisha plei za timu zote mbili. Zikizidi 150, usiniulize kuhusu slaida.

Saa imekaa sawa, kompyuta bado si binadamu

Viwango vya ugumu ni vinne: Freshman, Varsity, All-American na Heisman. Viwili vya chini ni vya kujifunzia vidole. Anza All-American na slaida zote zikiwa 50, hata kama jamaa yako amekutumia orodha yake aliyoichonga. Orodha ya mtu inatibu vidole vya mtu huyo. Mimi narusha pasi mapema, wewe labda unachelewa. Slaida inayonisaidia mimi itakumaliza wewe.

Slaida zina safu mbili, yako na ya kompyuta, na hilo ndilo watu husahau. Unataka kotabeki wa kompyuta akosee zaidi, unashusha ya kwako. Soma juu ya safu kabla ya kusogeza.

Halafu uwe na kipimo. Kwenye mpira wa kweli wa daraja la juu la vyuo, pasi zinazopokelewa huwa karibu asilimia 60, kotabeki huangushwa kabla ya kurusha kama mara mbili kwa mechi kwa kila timu, adhabu ni kama sita kwa timu na yadi zake ni hamsini na kitu, na timu ya kawaida hupata pointi chini kidogo ya 30. Takwimu za vyuo pia hukata yadi za kuangushwa kwa kotabeki kutoka kwenye mbio za timu, tofauti na NFL, ligi ya kulipwa. Kwa hiyo usione timu ya kweli ina yadi 4 kwa mbio moja ukadhani wakimbiaji wake ni wabovu.

Dalili ninayoulizwa zaidi: kotabeki wa kompyuta amefikisha pasi 28 kati ya 31. Kabla ya slaida, tazama ulimwangusha mara ngapi. Kama hukumgusa hata mara moja, hata mimi ningepata 28. Tuma mtu wa tano amkimbilie kotabeki mara mojamoja, badilisha ukabaji wa eneo na wa mtu kwa mtu, kwa sababu ukicheza ukabaji mmoja mechi nzima unamfundisha mwenzako kusoma. Ukimfikia mara tatu au nne na bado hakosi, hapo shusha usahihi wake, hatua 5, usizidi. Usianze kwa kuongeza Pass Coverage, slaida ya ukabaji wa pasi. Nimejaribu. Ikipanda sana unapata kioja cha beki aliyegeuzia mpira kisogo anayeruka na kuunasa kana kwamba ana jicho la tatu utosini, na dalili hiyo mpya ni mbaya kuliko ile uliyokuwa unaitibu.

Mpokeaji akikimbia peke yake kila mara kama bodaboda kwenye barabara tupu, shida inaweza kuwa slaida ya pengo la kasi kati ya wachezaji. Usiipime kwenye mechi. Nenda mazoezini, mpange mpokeaji mwepesi na yule jamaa wa safu ya mbele wa kilo 140, wakimbie yadi 40. Kama jamaa mzito yuko mgongoni mwake, pengo limebanwa mno. Kama anaachwa kabla hata hajanyooka, limepanuliwa mno. Macho yako yatakuambia haraka kuliko namba.

Adhabu zisipoitwa kabisa, ongeza kidogo ya kushikana kwa safu ya mbele, maana ndiyo inayoonekana zaidi kwenye mechi za kweli. Ya kuotea iache. Hiyo utaitoa mwenyewe kwa papara. Mateke ya pointi 3 ya kompyuta yasipokosa, shusha usahihi wa mateke. Hilo ni la dakika moja.

Inaonekana kama NFL iliyovaa jezi za vyuo

Hii ni dalili ya siri. Mtu anahisi kuna kitu hakipo na hawezi kukitaja. Tazama ile mistari midogo miwili inayopita katikati ya uwanja, ambayo plei huanzia. NFL imekaribiana, futi 18 na nusu tu. Vyuo imeachana futi 40. Uwanja una upana wa futi 160, kwa hiyo mpira ukiwa kwenye mstari wa kushoto, kushoto kwako kuna yadi 20 na kulia yadi 33. Upande mmoja ni uchochoro, upande wa pili ni uwanja wa sabasaba. Mpira wa vyuo umejengwa juu ya tofauti hiyo: mbio za nje, kotabeki anayebaki na mpira, pasi fupi ya pembeni kwa mtu mwepesi aliyeachiwa nafasi.

Wewe umetoka kwenye gemu ya NFL na kitabu chako cha plei ni kilekile cha katikati-katikati. Basi kila mechi inafanana na Jumapili ya NFL. Tumia kamera ya mbali kidogo uone upande mpana uko wapi kabla ya kuanzisha, na chagua plei kwa kuutazama huo upande. Mimi niliizima hata ile ya kupewa ushauri wa plei kwa wiki mbili, ili nijilazimishe kuangalia uwanja.

Na muda wa nyongeza ukifika usishangae. Vyuoni kila timu inaanzia yadi ya 25. Kuanzia awamu ya pili ukifunga tachidauni (kuufikisha mpira mwisho wa uwanja) lazima utafute pointi 2 badala ya kupiga teke, na kuanzia ya tatu hakuna tena safari ndefu, ni majaribio ya pointi 2 moja kwa moja. Mchezaji naye akigusa ardhi kwa goti ameisha, hata kama hakuna aliyemgusa. Nimeletewa malalamiko ya "hitilafu" ambayo yalikuwa sheria tu.

Timu zote zinacheza sawasawa

Chukua Army au Navy. Hawa ni wanajeshi wanafunzi, wanakimbia na mpira mpaka adui achoke, pasi kwao ni kama chumvi kwenye chai. Ukiichukua Army ukarusha pasi 40, umecheza timu nyingine yenye jezi ya Army. Acha kitabu cha plei cha timu husika, hata kama hukipendi, walau msimu mmoja.

Au Iowa ya 2023. Walishinda mechi 10 wakiwa na ushambuliaji wa kusikitisha, wastani wa pointi kama 15. Silaha yao ilikuwa mguu. Mpiga panti wao (teke la kumpa mpinzani mpira mbali), Tory Taylor kutoka Australia, aliweka rekodi ya yadi nyingi zaidi za panti katika msimu mmoja wa vyuo. Ukicheza na Iowa bila kupiga panti hata moja, umekosa utamu wote wa Iowa. Ndiyo, nimesema utamu.

Hapa ndipo tunafika kwenye chanzo ambacho hakuna slaida ya kukitibu: aliyeshika pedi. Gemu haiwezi kukuzuia kwenda kwa dauni ya nne, badala ya kupiga panti, ukiwa kwenye yadi 20 zako mwenyewe. Haiwezi kukuzuia kurudi nyuma yadi 18 na kotabeki ukizunguka kama kuku mpaka mtu abaki peke yake. Haiwezi kukuzuia kuita plei moja mara 22. Mimi na mpwa wangu tuna sheria za nyumbani, zimebandikwa kwa gundi ya karatasi pembeni ya TV. Panti kila dauni ya nne ukiwa nusu yako ya uwanja, isipokuwa umeachwa nyuma robo ya nne. Plei moja isizidi mara tatu kwa nusu. Kotabeki asirudi nyuma zaidi ya yadi 10. Raningibeki wa pili lazima apewe mpira angalau mara sita, kwa sababu gemu hii inahesabu uchovu na maumivu yanayojilimbikiza, na mkimbiaji mmoja anayebebeshwa mbio 35 ataanza kuvuja nguvu bila wewe kujua kwa nini.

Sheria ya panti peke yake ilimshusha kutoka pointi 40 hadi 27 kwa mechi. Hatukugusa kitu kingine wiki hiyo.

Mechi kubwa haina shamrashamra

Kwenye mwonekano nina kesi moja ambayo inatosha kueleza nusu ya tatizo. Nilikaa nyuma ya mpwa wangu akicheza Clemson nyumbani. Kwa kweli Clemson wana desturi nzuri: wachezaji wanakusanyika juu ya kilima, wanagusa jiwe linaloitwa Howard's Rock lililotoka Death Valley kule California, halafu wanateremka mbio kuingia uwanjani. Gemu inayo. Yeye? Kidole gumba kwenye kitufe cha X kinakwenda kama mtu anayehesabu tasbihi. Kilima kimepita. Bendi imepita. Sarafu imerushwa bila yeye kuona. Tachidauni imefungwa, marudio yamekatwa kabla mpira haujagusa mikono. Dakika kumi baadaye ananigeukia, "Mjomba, mbona gemu haina mandhari?"

Mandhari unayo, unayatupa jalalani. Jiwekee kiapo chepesi: robo ya kwanza usiruke chochote, na baada ya kila tachidauni ngoja marudio yaishe. Robo ya pili na ya tatu ruka upendavyo. Utashangaa. Nyati wa Colorado anayeitwa Ralphie akikimbizwa uwanjani, au yule mpanda farasi wa Florida State aliye juu ya Renegade akichomeka mkuki wenye moto katikati ya uwanja, ni vitu vya sekunde chache, lakini vinakuambia mechi hii si ile ya jana.

Watangazaji wakirudia maneno, chanzo ni wewe kucheza timu moja mechi nne kwa siku. Kuna jozi ya Chris Fowler na Kirk Herbstreit, na kuna meza ya Rece Davis, Jesse Palmer na David Pollack. Ukicheza mechi za timu tofauti na za ukubwa tofauti utawasikia wote. Lakini dawa yangu ni nyingine, na wengi hawaipendi: shusha sauti ya watangazaji hadi theluthi, pandisha ya mashabiki na ya uwanjani. Usiku mwingine naizima kabisa ile ya watangazaji. Unabaki na bendi, kelele na mtangazaji wa uwanjani kwa mbali, kama umekaa safu ya 60 na soda yako.

Ugenini ukiona hakuna tofauti na nyumbani, angalia vitu viwili. Kwanza, faida ya uwanja wa nyumbani iwe imewashwa kwenye mipangilio. Pili, usicheze sauti ikiwa chini na mtetemo wa pedi ukiwa umezimwa. Kelele za Kyle Field kule Texas A&M, uwanja wa watu 102,733, zinafanya skrini itikisike, michoro ya plei ipinde, na kinda wa mwaka wa kwanza asielewe agizo unapobadilisha plei dakika ya mwisho. Hiyo imewekwa makusudi. Mtu aliyezima sauti anaona skrini inatetemeka tu na anadhani TV inakufa.

Nikija kwenye TV yenyewe, hapa nilijidhulumu mwenyewe. Miezi sita nilicheza ile ya kulainisha mwendo wa picha ikiwa imewashwa. Wachezaji walionekana kama wa tamthilia za mchana, na pasi zangu zote zilichelewa kidogo, nikawa nalaumu vidole na umri. Washa hali ya michezo kwenye TV, ulainishaji wa picha uzimwe, halafu rudi kwenye mipangilio ya mashine upime upya mwanga wa HDR. Kama jezi nyeupe zinang'aa kama taa ya sebuleni na huoni mikunjo ya kitambaa, kipimo chako kimezidi. Futa pia maandishi na mishale iliyo chini ya miguu ya wachezaji kadiri gemu inavyokuruhusu. Picha inapumua.

Jezi nazo. Timu ya nyumbani kwa kawaida huvaa rangi, mgeni huvaa nyeupe, lakini LSU huvaa nyeupe nyumbani, na USC na UCLA wakikutana wote wawili huvaa rangi zao. Gemu ikikupangia ovyo, badilisha kabla ya kuingia, ni sekunde tano. Mechi ya mahasimu ipange usiku, au jua likizama. Mvua iache iamue yenyewe.

Msimu wa nne, chuo kidogo ni bingwa wa taifa

Kwenye Dynasty, ile sehemu ya kuongoza chuo kama kocha msimu baada ya msimu, ugonjwa huja polepole. Umechukua timu ndogo kama Kent State, misimu mitatu baadaye unaifunga Georgia kwa 30. Chanzo ni kwamba wewe unawinda vijana kila wiki kwa makini kuliko kompyuta 130 zote, na kocha wako anapanda ngazi bila kushuka. Punguza mwenyewe. Misimu miwili ya kwanza usisajili kijana wa nyota nne au tano, yaani kipaji cha juu, anayetoka nje ya jimbo lako na majimbo jirani. Wachezaji wanaohama vyuo, wawili tu kwa mwaka. Kinda ambaye hayuko tayari mpumzishe, kwa sheria ya kweli anaweza kucheza mechi hadi nne na bado ule mwaka usihesabiwe kwenye miaka yake ya kucheza. Ukipewa kazi kubwa baada ya misimu miwili mizuri, ikubali, kwa sababu makocha wa kweli wanaondoka.

Ratiba ikikuonyesha Stanford ya California inacheza ligi ya pwani ya Atlantiki, usiende kurekebisha ligi kwa mkono. Hiyo si hitilafu. Tangu 2024 ndivyo ilivyo, na Oregon na Washington nao wako Big Ten, ligi ya Ohio State na Michigan. Ukiamua kupanga ligi upya, hakikisha tu umelinda mechi za mahasimu. Ohio State isiyocheza na Michigan Novemba, hapo hakuna slaida.

Jumamosi iliyopita mpwa wangu kaleta picha nyingine. Ohio State 20, Michigan 16, plei 138, panti tisa kwa timu zote mbili. Chini yake: "Shikamoo mjomba. Mpigaji wangu kakosa teke la yadi 31, niongeze usahihi wa mateke?"

Marahaba. Hiyo ni mechi moja. Nitumie zingine mbili.